Pikapu yangu ya dizeli imekataliwa kwa sababu ya moshi: nifungue injini?

*"Shikamoo fundi. Nina pikapu Hilux ya mwaka 1997, injini 3L, haina turbo. Niliachiwa na marehemu baba mdogo, aliyekuwa akiitumia Dar es Salaam. Mimi niko Kigoma, Gungu. Nabeba dagaa kutoka Kibirizi, na mawese, mara nyingi napeleka Kasulu. Mwaka jana niliona haina nguvu milimani, fundi akasema ataifungulia pampu kidogo, na kweli ikapata nguvu. Sasa kuna mkandarasi anakodi magari, lakini anapima moshi kwa mashine. Yangu imefeli mara mbili. Kipimo cha kwanza kilisoma 4.1, cha pili 3.8, na wao wanataka isizidi 2.5. Kabla ya kipimo cha pili nilibadilisha oil na filta ya dizeli. Fundi mmoja anasema ringi zimekwisha, injini ifunguliwe. Mwingine anasema nichanganye mafuta ya taa siku ya kipimo. Wa tatu anasema ninunue katalaisa. Oil haipungui sana, asubuhi inawaka vizuri, moshi ni mweusi. Nianzie wapi kabla hela yote haijaishia gereji?"*

Marahaba ndugu yangu, na pole kwa kufiwa na baba yako mdogo.

Nakuelewa. Kazi ya mkandarasi iko mkononi, umeshatoa hela mara mbili, na kila fundi anakuja na lake. Nikujibu moja kwa moja. Kwa jinsi ulivyoeleza, sioni dalili kwamba injini yako imekufa. Gari linalowaka vizuri asubuhi, halili oil, na linatoa moshi mweusi na wala si wa bluu, kwa kawaida shida yake ni mafuta kuzidi hewa. Nawe mwenyewe umenitajia siku mafuta yalipozidishwa, ile siku pampu "ilipofunguliwa kidogo". Tuanzie hapo. Na usikubali mtu aifungue hiyo injini kabla ya kuipima kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche kama ya petroli. Inavuta hewa, inaibana zaidi ya mara 20 mpaka inakuwa ya moto mno, halafu nozeli inapuliza dizeli humo ndani na inawaka yenyewe. Sasa shika jambo hili: unapokanyaga mafuta kwenye injini kama yako, huongezi hewa. Kila pistoni ikishuka inavuta hewa ile ile kadiri silinda inavyoweza kubeba. Unachoongeza ni dizeli tu. Kilo moja ya dizeli inahitaji zaidi ya kilo 14 za hewa ili iungue yote, na kwa kuwa humo ndani mafuta na hewa havipati muda wa kuchanganyika sawasawa, ukitaka isitoe moshi inakubidi uwe na hewa inayokaribia kilo 20. Ukipita hapo, mafuta yanayobaki yanageuka masizi. Ni kama kibatari: ukipandisha utambi kupita kiasi, mwanga unaongezeka kidogo tu, lakini dari linakuwa jeusi.

Kuna jambo la pili ambalo mafundi wako hawakulitaja, nalo ni mwinuko. Gari lilikuwa Dar, usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770 juu ya bahari, na ukitoka Kigoma kwenda Kasulu unazidi kupanda. Kwenye mita 770 msukumo wa hewa umepungua kwa asilimia 9 hivi, na kwa mtu wa Tabora, karibu mita 1,200, ni asilimia 13 hivi. Injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo tu, haina pa kukopa nyingine. Baadhi ya pampu za Toyota zina kifaa kinachopunguza mafuta chenyewe gari likipanda, lakini nyingi hazina, au kipo na kimeshakufa. Kwa hiyo pikapu ya baba mdogo ilipofika Kigoma tayari hewa ilikuwa imepungua na mafuta yako vile vile. Ule unyonge ulioona milimani ulikuwa upungufu wa hewa, dawa uliyopewa ikawa kuongeza mafuta. Nguvu iliongezeka kweli, sikatai, ila sehemu kubwa ya dizeli uliyoiongeza inatokea kwenye bomba.

Ndiyo maana mashine inakukamata. Kipimo hicho hufanyika gari likiwa nyutro, injini ikiwa ya moto. Mpimaji anakanyaga mafuta mpaka mwisho kwa mara moja, injini inapanda hadi pampu yenyewe inapoizuia, na kifaa kinapima ni kiasi gani cha mwanga kinazuiwa na moshi. Anarudia mara kadhaa na kuchukua wastani. Kwa ile sekunde moja ya kupanda, pampu inatoa kiasi chake cha juu kabisa, na kiasi hicho ndicho kinachowekwa na skrubu aliyoigusa fundi wako. Kiwango cha 2.5 mkandarasi hakukitunga kukuonea. Ndicho Uingereza inachotumia kwenye ukaguzi wake wa kila mwaka kwa dizeli za zamani zisizo na turbo, na zenye turbo zinapewa 3.0. Injini ya 3L yenye afya, pampu yake ikiwa kwenye kipimo, inaweza kupita hapo.

Tuje kwa fundi wa ringi. Ringi, zile pete za pistoni zinazoziba silinda, zikichoka, oil inapanda kwenye silinda na kuungua, na moshi wake ni wa bluu wenye harufu ya oil iliyokaangwa. Pia gari linakuwa gumu kuwaka asubuhi, na ukifungua kifuniko cha kujazia oil injini ikiwa inanguruma unaona inapumua kwa nguvu. Wewe hukunitajia hata moja ya hayo. Fanya jaribio dogo nyumbani. Injini ikiwa ya moto, funga kitambaa cheupe kwenye fimbo, kishike kama shubiri moja nyuma ya bomba la moshi, mtu apige resi mara mbili tatu. Kisha kiguse. Kama ni masizi makavu yanayopukutika kidoleni kama ya chungu, hayo ni mafuta yaliyokosa hewa. Kama ni meusi yenye utelezi, yanayoacha doa la grisi, hapo oil inahusika na mazungumzo yanabadilika.

Hata hivyo usiniamini mimi kwa maneno, wala yeye. Ipimwe. Kwa 3L, kompresheni nzuri ni kilo 32 kwa sentimita mraba, yaani psi 455 hivi, na mwisho wa kuvumiliwa ni kilo 20, yaani psi 284. Silinda moja na nyingine zisipishane zaidi ya kilo 5. Geji iwe ya dizeli, maana ya petroli haifiki huko. Fundi anayekwambia ufungue injini bila kukuonyesha namba nne alizoziandika, moja kwa kila silinda, bado hajakupa sababu.

Wa mafuta ya taa nakuomba usimsikilize kabisa. Ukweli ni kwamba mafuta ya taa yanaweza kupunguza moshi kidogo, ndiyo maana ushauri huo haufi. Lakini pampu yako ni ya mzunguko, na haina oil ya kwake. Kinacholainisha vyuma vyake ndani ni dizeli hiyo hiyo inayopita. Mafuta ya taa ni mepesi, hayana utando wa kulinda vyuma. Utapita kipimo Jumatatu, na kichwa cha pampu kitaanza kulika tangu siku hiyo. Pampu iliyolika inakataa kuwaka ikiwa ya moto, na kuitengeneza ni gharama kubwa kuliko kazi yote nitakayokupangia hapa. Uchakachuaji wa aina hii ndio uliowafanya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, waanze kuweka vinasaba, yaani alama za kutambua mafuta yaliyochakachuliwa, mwaka 2010. Tena gari likishaingia kwenye mradi si ajabu likapimwa tena. Utachanganya mafuta ya taa mara ngapi?

Katalaisa, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba, nayo kwako ni kupoteza hela bure. Ile ya petroli inafanya kazi kwenye mchanganyiko wa hewa na mafuta ambao dizeli haina. Ya dizeli inasaidia gesi na harufu, lakini masizi ya 4.1 yataiziba tu.

Sasa kazi yenyewe. Anza na hewa, kwa sababu ni rahisi na unaweza kuifanya mwenyewe barazani. Fungua boksi la ea klina, toa filta, iangalie kwenye jua. Kwa njia zetu za vumbi jekundu filta inaziba mapema kuliko kitabu kinavyosema. Wengi wanaipeleka kwa mwenye kompresa ya matairi, anaipuliza kutoka nje kwenda ndani, na hapo anashindilia vumbi kwenye karatasi au kuitoboa kabisa. Ikipulizwa, ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo. Ingiza tochi ndani yake gizani: ukiona nukta ya mwanga inayopenya, hilo ni tundu na filta hiyo ni ya kutupa, kwani vumbi linalopita hapo ndilo litakaloua ringi zako kweli. Pitisha kidole kisafi kwenye bomba la hewa baada ya filta. Likiwa na vumbi, mpira wa kuziba haukai sawa. Kagua na mpira wa hewa wenyewe, kwani ukiwa mzee unaweza kujikunja injini inapovuta kwa nguvu, na injini ikiwa imezimwa unauona mzima.

Umebadilisha filta ya dizeli, ni vizuri, ila filta ya dizeli iliyoziba hupunguza mafuta na kuleta unyonge, haileti moshi mweusi. Ndiyo maana haikukusaidia sana. Kule kushuka kutoka 4.1 hadi 3.8 huenda ni kwa sababu injini ilikuwa ya moto zaidi mara ya pili, au masizi yaliyolala kwenye sailensa yalikuwa yameshatoka.

Kisha nozeli. Hapa ndipo ningetumia hela yangu ya kwanza. Toa zote nne, zipelekwe kwenye mashine ya mkono ya kupimia, na ombi langu ni uwepo pale ukiona kwa macho. Nozeli nzima inapiga ukungu mwembamba ulionyooka, inalia kwa mkatiko, na ikimaliza ncha yake inabaki kavu. Nozeli mbovu inakojoa: unaona mshirizi badala ya ukungu, au tone linaning'inia kwenye ncha na kudondoka. Tone hilo ndani ya silinda haliungui vizuri hata uwe na hewa yote ya ziwani. Fundi akuonyeshe kwenye geji kila nozeli inafunguka kwa msukumo gani, ulingane na wa injini ya 3L na zote nne zikaribiane. Zikirudishwa ziwekewe washa mpya za chini, zile za zamani zisirudiwe. Na tafadhali, usiweke mkono mbele ya nozeli inapopimwa, wala usimruhusu mtoto asogee. Msukumo ule unatoboa ngozi na kuingiza dizeli mwilini, na jeraha linaloonekana dogo kama la sindano linaweza kumfanya mtu akatwe kidole. Likitokea, ni hospitali hapo hapo, bila kusubiri liume.

Nozeli zikiwa safi, nenda kwenye pampu. Ukiitazama upande wa nyuma, ilikotoka mirija minne ya nozeli, juu yake kidogo kuna skrubu yenye nati ya kufungia. Kiwandani huwekewa lakiri. Kwako nategemea utakuta lakiri imekatwa na nati ina alama za spana zinazong'aa. Inavutia kuirudisha kwa kukisia, robo mzunguko, kisha kusikiliza. Usifanye hivyo. Skrubu ile inagusa pia mlio wa injini ikiwa imetulia, na ukiipotosha unaanza kuharibu marekebisho mengine ili kuifuata. Pampu ikapimwe kwenye mashine na fundi pampu anayejua kiasi cha mafuta kinachotakiwa kwa 3L. Mwambie gari linafanya kazi mwinuko gani, apunguze kidogo chini ya kipimo cha usawa wa bahari. Kama huna fundi wa mashine karibu, pampu yenyewe inasafiri kwa basi, gari libaki nyumbani. Ikirudi, taimingi yake, yaani wakati wa kupuliza dizeli, ipangwe kwa geji, isipangwe kwa sikio. Ikichelewa inatoa moshi na joto, ikiwahi sana injini inagonga. Fundi akiwa hapo hapo apime na nafasi za valvu.

Kama 3L yako ni ile iliyotoka Japani moja kwa moja, angalia pia kama ina bomba linalorudisha moshi kwenye hewa inayoingia. Valvu yake ikikwama wazi kwa masizi, injini inavuta moshi wake yenyewe, hewa safi inakosa nafasi. Isafishwe ifunge inavyotakiwa.

Ukimaliza hayo, utaona nguvu imepungua. Nakwambia mapema ili usirudi kwa fundi kuifungulia tena. Injini ya lita 2.8 isiyo na turbo, na mzigo wa dagaa nyuma, kwenye mlima wa Kasulu inapanda kwa gia ya tatu au ya pili, na hapo ndipo uwezo wake unapoishia. Punguza magunia kidogo, shuka gia mapema kabla haijachoka. Dizeli utakayookoa utaiona. Na wale vijana wanaokaa nyuma ya bodi juu ya magunia wanavuta moshi huo njia nzima. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hilo pekee lingenitosha kuirudisha pampu, hata kama mkandarasi asingekuwepo.

Ikiwa kompresheni itakuja chini ya kilo 20 kwenye silinda hata moja, basi fundi wa ringi atakuwa na hoja, na utakuwa na uamuzi mzito: kufunga upya injini hii au kutafuta nyingine iliyotumika. Binafsi napendelea kufunga upya injini unayoijua historia yake kama silinda zinachongeka, kuliko kununua ya gunia usiyojua imetoka wapi. Ukibadilisha injini, namba ya injini lazima ibadilishwe kwenye kadi ya gari TRA, la sivyo mkandarasi atakukataa kwa karatasi baada ya kukupitisha kwa moshi.

Siku ya kipimo usilipeleke gari likiwa la baridi wala likiwa limekaa kwenye foleni likinguruma saa nzima. Liendeshe na mzigo kiasi dakika 20 au zaidi, hadi masizi ya zamani yatoke kwenye sailensa. Na kabla ya yote, hakikisha mkanda wa taimingi unajulikana umri wake. Toyota wanataka ubadilishwe kila kilomita 100,000. Kama hujui marehemu aliubadilisha lini, ubadilishe sasa, kwa maana kipimo hiki kinaisukuma injini mpaka mwisho wake, na mkanda ukikatika hapo valvu zinagongana na pistoni.

Acha kuendesha na umwite fundi aje aone kwa macho ukikuta lolote kati ya haya: oil inapanda kwenye kijiti badala ya kushuka, maana dizeli au maji yanaingia, maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja, moshi mweupe mzito unaendelea hata injini ikiwa ya moto, au injini inapanda resi yenyewe bila kukanyagwa. Hilo la mwisho ni injini kunywa oil yake yenyewe, na kuzima ufunguo hakutaisimamisha. Ukiwa ndani ya gari, weka gia ya juu kabisa, kanyaga breki kwa nguvu zote, uachie klachi mpaka izimike.

Nitumie namba nne za kompresheni na uniambie ulichokiona kwenye kitambaa na kwenye nozeli. Nikiwa na hivyo nitaweza kukwambia kama hela ya pampu inatosha au uanze kutafuta ya ringi.